Uliza Gramu za Fedha Halisi Kwanza
Anayenunua sarafu za madini ya fedha kama akiba aanze kwa kuuliza zina gramu ngapi za fedha halisi, kwa kuwa thamani iliyochapwa juu yake, kama vile dola 1 kwenye Silver Eagle ya Marekani, haihusiani na bei ya sokoni. Britannia za Uingereza za wakia moja zilizotolewa kati ya 1997 na 2012 zina usafi wa asilimia 95.8, na za kuanzia 2013 asilimia 99.9, lakini zote zina takribani gramu 31.1 za fedha safi, kwa sababu zile za awali zilifanywa nzito zaidi ili kufidia metali iliyochanganywa. Basi usikubali kupunjwa unapouza ya zamani kwa hoja ya usafi peke yake.

Kulipa nyongeza kubwa juu ya bei ya madini kuna maana, kwa maoni yangu, pale tu sarafu ilipotolewa kwa idadi ndogo na wakusanyaji wanaitafuta kwa kweli. Tafadhali usiisugue sarafu iliyofifia ili ing'are, maana weusi ule ni wa juu juu tu, ilhali mikwaruzo huwafukuza wakusanyaji.