SOMO: Kuandika draiva ya USB ya Linux (musome yote mbele ya kuuliza)

Kila wiki mutu anakuja inbokisi, "grand, draiva ya USB wanaandikaka aje?" Nimechoka kurudilia jibu moja, naiweka hapa.

Kwanza jiulize kama unahitaji draiva kweli, ni kusema programu yenye inawezesha Linux kuongea na kifaa. Kama ni kusoma tu data ya kifaa chako, libusb (maktaba ya kodi ya kuongea na USB) inatosha, iko inje ya kerneli (moyo wa Linux), ukikosea programu inakufa peke yake. Ndani ya kerneli ukikosea unaanguka na mashine muzima. Bado unataka? Twende. Tutatumia kale ka adapta ka CH340 (chipu yenye inageuza USB kuwa serial), kale ka kwenye Arduino (kadi ndogo za elektroniki) za bei chini, hata Birere, kule Goma, unakapata.

1. sudo apt install build-essential linux-headers-$(uname -r). Fanya wakati umeme iko na mega za interneti ziko.

2. Chomeka, andika lsusb. Utaona 1a86:7523, ya kwanza namba ya kampuni, ya pili namba ya kifaa.

3. Soma usb-skeleton.c, iko ndani ya kodi ya kerneli, drivers/usb/. Draiva ni vitu vine: jina, id_table (orodha ya namba za vifaa vyake), probe, disconnect, halafu module_usb_driver() inakufungia yote. Namba ya kifaa ikiwa kwenye id_table yako, kerneli inaita probe, ukichomoa inaita disconnect. Na draiva inashika interfesi (kazi moja ya kifaa), haishike kifaa kizima, njo maana kamera moja ya USB inakuwaka na draiva ya picha na ingine ya sauti.

4. Faili yako iite somo.c. Makefile ni mustari moja, obj-m += somo.o, kisha make -C /lib/modules/$(uname -r)/build M=$PWD modules

5. sudo modprobe -r ch341, juu ile draiva ya kawaida njo imeshika kifaa. USIRUKE HII.

6. sudo insmod somo.ko (inaingiza draiva yako), na dmesg -w (ujumbe za kerneli) kwenye dirisha ingine.

7. Sasa kuongea na kifaa, na hapa njo bengi banalalia. Ndani ya probe uliza chipu toleo yake: usb_control_msg(), ombi 0x5F, aina 0xC0, inakurudishia baiti 2. Rahisi. Lakini USIANDIKE u8 buf[2] ndani ya fonksio! Bufa hiyo (nafasi ya kupokea data) inakaa kwenye staki (memori ya muda ya fonksio), na kontrola ya USB inaandikaka kwenye memori moja kwa moja kwa DMA, bila kupitia CPU. Tangu kerneli 4.9 ya 2016, staki ya x86 ya biti 64 inawekwa kwenye memori ya vmalloc (vipande vyake vya RAM havifuatane), DMA haiiwezi. Mafunzo mingi ya zamani yangali na ile buf[] juu zamani ilikuwa inapita, wewe unakopi, inakompile bila onyo hata moja, halafu unarudishiwa kosa -11 (EAGAIN). Na ubaya zaidi: dmesg inasema "transfer buffer is on stack" MARA MOJA TU mpaka uwashe mashine upya. Unatoa moduli, unarudisha, onyo haiko tena, unafikiri umetengeneza kumbe -11 ingali pale pale. Usiniulize nani alipoteza wikendi juu ya hiyo. Tumia kmalloc(2, GFP_KERNEL), inakupa memori yenye DMA inaweza, angalia kama si NULL, kfree kwenye kila njia ya kutokea. Na usiifiche bufa katikati ya struct yako, ipe kmalloc yake.

8. Kwenye disconnect achilia vyote ulivyoshika kwenye probe.

MASWALI

mwana_kadutu: grand piloti (draiva) yangu haifanye, shida nini
— Haifanye aje? dmesg inasema nini? Mi si mulaguzi.

mwana_kadutu: inasema registered new interface driver, lakini probe haiitwe
— Hatua ya 5.

mwana_kadutu: nilifanya!! nikichomeka tena ch341 inarudi
— Haya, hilo sasa ni swali. Udev (programu ya Linux yenye inaangalia vifaa vinavyochomekwa) inaona namba ya kifaa inaita ch341 tena. Chomoa, toa ch341, insmod yako, kisha njo uchomeke. Yako itashika ya kwanza.

toto_ya_goma: tuma tu kodi yote
— Hapana.

dada_lshi: Kaka, naona usb_control_msg_recv wanaipa variabo ya staki na inapita. Inaachana wapi na ile yako?
— Umesoma vizuri dada. Hiyo iliingia kerneli 5.10, yenyewe inatenga memori yake ndani, ikimaliza inakukopia. Itumie, ni nzuri. Ila ni ya control tu, ukifika kwa usb_bulk_msg unarudi kwa kmalloc.

dada_lshi: Asante kaka. Na kwa Ubuntu 22.04 kuna brltty inanyang'anya adapta.
— Ee, hiyo ni ya vifaa vya braille, kuna vyenye vinatumia chipu ya namba ile ile, inafikiri CH340 yako ni kimoja. Kama nyumbani hakuna mwenye kuitumia, sudo apt remove brltty.

mwana_kadutu: na kodi ya kerneli muzima ni mega ngapi, niko na kidogo
— Usichukue historia yote, git clone --depth 1. Documentation/driver-api/usb iko ndani, unasoma bila koneksio.

dada_lshi: Na benye banaogopa kuangusha mashine bajaribie ndani ya QEMU (mashine ya kuigiza ndani ya mashine yako): -device usb-host,vendorid=0x1a86,productid=0x7523. Ikianguka unafunga dirisha tu.
— Nilisahau hiyo, asante.

toto_ya_goma: kwangu lsusb haione kitu
— Badilisha kable. Zingine ni za kuchaji tu, nyuzi za data hazimo.

toto_ya_goma: ah. ni kable kweli