Namna ya kwenda gulioni Lushoto na kula vizuri huko

Katika Milima ya Usambara, mkoani Tanga, masoko ya kila siku yapo, lakini chakula kizuri zaidi hupatikana siku ya gulio, yaani siku ambayo wakulima wenyewe hutoka vijijini na mazao waliyoyavuna jana yake au alfajiri hiyo hiyo. Vijiji na miji midogo ya huko hupokezana siku, jambo linalowawezesha wachuuzi kuhama kutoka gulio moja hadi jingine ndani ya wiki, kwa hiyo kazi ya kwanza ya mgeni ni kuuliza siku kabla ya kupanga safari. Makondakta wa magari yanayopanda kutoka Mombo wanazijua siku hizo bila kufikiri, na mwenye nyumba ya wageni atakueleza hata saa ambayo njegere nzuri huanza kuadimika.

Mombo yenyewe iko bondeni, kando ya barabara kuu iendayo Moshi na Arusha, na joto lake humfanya msafiri ashangae akiambiwa abebe sweta. Baada ya kilomita zipatazo 30 za kona kupitia Soni, unafika Lushoto, mji ulio kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi, na hapo sababu ya sweta hujieleza. Baridi hiyo ndiyo siri ya gulio: kabichi, karoti, viazi mviringo, njegere, plamsi na fyulisi hustawi katika miteremko ile ile yenye migomba, na sehemu kubwa ya mazao hayo hupakiwa kwenye malori yanayokwenda Tanga na Dar es Salaam. Anayenunua Kariakoo karoti ya Lushoto huipata ikiwa imekwisha kusafiri usiku kucha. Wewe unaipata ikiwa na udongo wake.

Fika mapema, ikiwezekana kabla ya saa tatu asubuhi. Wapo wanaopendelea alasiri kwa kuwa bei hushuka pale mkulima anapoona kwamba atalazimika kurudi kijijini na mzigo kichwani, na hesabu yao si mbaya kwa vitu vigumu kama viazi au maboga. Kwa mboga za majani na njegere, hata hivyo, saa nne za jua kwenye turubai huondoa utamu ambao punguzo la shilingi mia tano haliwezi kuurudisha. Beba kikapu kigumu, kwa sababu mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku Tanzania tangu tarehe 1 Juni 2019 na mifuko laini mbadala haistahimili uzito wa viazi. Beba pia noti ndogo, maana muuzaji wa kwanza asubuhi huwa hana chenji, pamoja na chupa ya maji safi ya kuoshea matunda utakayotaka kuyala papo hapo.

Ukishaingia, usinunue kitu chochote katika mzunguko wa kwanza. Tembea gulio zima, uliza bei, angalia ni zao gani limejaa siku hiyo, kisha ndipo uamue utapika nini. Mtu anayekuja na orodha ya mapishi aliyoiandika nyumbani atatafuta bilinganya kwa saa nzima huku akipita mbele ya maharage mabichi yaliyomenywa dakika chache zilizopita, rangi zake za waridi na nyeupe zikimeta ndani ya ungo. Gulio ndilo lipange chakula, mnunuzi afuate.

Katika mzunguko huo utaanza kutofautisha mkulima na mchuuzi. Mchuuzi ana bidhaa kumi, zimepangwa kwa ukubwa na kufutwa vumbi. Mkulima mara nyingi ana mbili au tatu, hazilingani, na baadhi zina alama ya jembe. Simdharau mchuuzi, kwani bila yeye vitunguu na nazi kutoka nje ya milima visingefika pale, lakini maswali yenye faida huulizwa kwa mkulima. Muulize amevuna lini, muulize alipulizia dawa mara ya mwisho lini, hasa kwa nyanya na kabichi, kisha muulize nyumbani kwake wanapikaje zao hilo. Swali la tatu ndilo linalofungua mazungumzo, lakini yote huanza na salamu. Safari yangu ya mwisho nilisimama mbele ya mama mmoja wa makamo aliyekuwa akimenya njegere bila hata kuzitazama, kidole gumba kikipasua ganda na punje zikidondoka bakulini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Hizi ni za shambani kwako?"

"Za kwangu. Nimezichuma jana jioni, umande usije ukanizuia asubuhi."

"Na nyumbani mnazipikaje?"

"Na viazi. Ila maji usitie mengi, njegere mbichi ina maji yake."

Aliponipimia, aliongeza kiganja kimoja juu bila kuombwa. Hiyo ndiyo nyongeza, na heshima huileta kwa urahisi kuliko ubishi wa bei. Kuomba upunguziwe kunaruhusiwa na kunatarajiwa. Kumrudisha mkulima chini ya bei aliyokwisha kukuambia ni ya mwisho ni utovu wa adabu.

Vipimo vinahitaji macho. Nyanya, karoti na pilipili hoho huuzwa kwa fungu, viazi na maharage kwa kisado, yaani kile kindoo cha rangi cha lita 4, na wanaonunua kwa wingi hutumia debe la lita 20 au gunia. Kisado kinaweza kujazwa hadi ukingoni au kuwekewa kilemba, rundo linalopanda juu ya ukingo, na bei ya kimoja si bei ya kingine, kwa hiyo kubalianeni kabla ya kupimiwa. Kilemba hicho kikihamia kwenye gunia huitwa lumbesa, na Wakala wa Vipimo huipiga vita kwa sababu inamnyima mkulima haki ya jasho lake. Kisado nacho kina hila zake: niliwahi kununua viazi vilivyoonekana vikubwa na visafi, nikafika nyumbani na kugundua kwamba viwili vya juu ndivyo vilivyokuwa hivyo, na vya chini vilitosha kuchezewa bao. Tangu siku hiyo huomba vimiminwe kwenye kikapu polepole, nami nikitazama.

Kuchagua ni elimu ndogo inayopatikana kwa mikono. Kiazi kilichokomaa hakichubuki ngozi ukikisugua kwa kidole gumba. Kinachochubuka ni kichanga, kitamu kwa kuchemsha leo lakini hakifai kuwekwa, na chenye rangi ya kijani kiache kabisa kwa kuwa kina sumu. Kabichi nzuri ni nzito kuliko inavyoonekana. Maganda ya njegere yakisuguana hutoa mlio kama wa viatu vipya, na yaliyolegea yamekwisha kukaa. Pasheni, tofauti na matunda mengi, huwa tamu zaidi ngozi yake ikianza kukunjamana. Iliki zinunue zikiwa bado za kijani na vifuko vimefunga. Kuhusu asali, usiamini majaribio ya kudondosha tone kwenye maji au kuwasha kiberiti, kwani yanadanganya pande zote mbili. Nunua kwa mtu ambaye utamkuta tena wiki ijayo.

Usiondoke bila kula. Pembezoni mwa gulio kuna mamantilie ambao moto wao huwashwa kabla ya wauzaji kutandaza bidhaa, na chakula chao kimetoka kwenye vikapu vile vile ulivyovikagua. Anza na chai ya tangawizi na viazi vitamu vya kuchemsha, ambavyo hapa huchukua nafasi ya andazi bila kuonewa huruma. Baadaye tafuta mahindi ya kuchoma, lakini chagua mwenyewe hindi kabla halijawekwa jikoni: punje ikibonyezwa kwa ukucha itoe maziwa, si maji wala unga. Wakati wa msimu wa plamsi, ambao hukolea Desemba hadi Februari, nunua fungu moja la zilizoiva kabisa, zioshe kwa maji ya chupa yako na uzile umesimama, umeinama kidogo mbele ili maji yake yasichafue shati. Zilizo ngumu ziweke kikapuni kwa ajili ya safari, maana zilizoiva hazifiki Mombo salama.

Mwenye nafasi ya siku ya pili anaweza kutembea hadi shamba la Irente, ambako huuzwa jibini, mkate na jemu zinazotengenezwa huko huko, ingawa huo ni ulaji wa namna nyingine.

Ukifika nyumbani, njegere zitangulie mambo yote, kwa kuwa sukari yake huanza kugeuka wanga tangu zilipochumwa. Kaanga kitunguu kimoja na nyanya mbili hadi ziive kabisa, tia viazi vilivyokatwa vipande vya kulingana na maji yasiyovifunika, na vikikaribia kuiva ndipo uweke njegere, chumvi, na ufunike kwa dakika kumi hivi. Nilipojaribu mara ya kwanza nilisahau maneno ya yule mama nikaongeza kikombe cha maji, na nikala supu.