Tarehe ya mwisho ya rufaa iandikwe siku hiyo hiyo
Wakili mwenye ofisi Mtwara mjini, ambaye wateja wake hutoka Newala, Tandahimba na hata Nachingwea, asitegemee kichwa chake kukumbuka tarehe. Rufaa kutoka Mahakama ya Mwanzo kwenda Mahakama ya Wilaya hukatwa ndani ya siku 30, na mteja aliyebanwa na msimu wa korosho aghalabu hufika ofisini zikiwa zimebaki chache. Karani aandike kwa wino mwekundu, juu ya jalada na katika daftari moja la ofisi, siku ya hukumu, siku ya mwisho, na namba ya ndugu ambaye mteja mwenyewe amemridhia, kwani vijijini simu mara nyingi hazipatikani. Daftari lisomwe kila asubuhi, kabla ya yeyote kwenda mahakamani.