Panya Wakifa Ovyo Nyumbani: Ua Viroboto Kwanza

Ukikuta panya kadhaa wamekufa ndani ya siku chache, darini au kando ya ghala, na hakuna aliyetega sumu, peleka habari kwa mwenyekiti wa kitongoji na zahanati siku hiyohiyo. Huenda ni tauni. Lushoto, mkoani Tanga, iliripoti wagonjwa zaidi ya 7,000 kati ya 1980 na 2004. Kongo mashariki, upande wa Ituri, ugonjwa huu haujaisha.

Kosa kubwa ni kukimbilia mitego na sumu. Anayehamisha bakteria wa tauni (Yersinia pestis) kutoka kwa panya hadi kwa mtu mara nyingi ni kiroboto. Panya akifa mwili hupoa, viroboto wanamhama na kutafuta damu ya moto iliyo karibu: paka, mbuzi, mtoto aliyelala chini. Ukiua panya kumi usiku mmoja, viroboto wao wote wanabaki na nyie.

Anza na dawa ya unga ya kuua viroboto, ile atakayoelekeza afisa afya. Permethrini ya asilimia 0.5 hutumika sana. Toa vyakula na vyombo, vaa glavu, ziba pua na mdomo. Njia ya panya haifichiki: ni mstari mweusi wa mafuta ya manyoya unaofuata ukuta, na kinyesi kibichi pembeni. Nyunyiza hapo ukanda wa upana wa sentimita 15 hadi 30, na kwenye mdomo wa kila tundu. Usirundike. Rundo panya hulikwepa, lakini unga mwembamba humshika miguuni na tumboni, akaupeleka mwenyewe hadi kiotani, wanakozaliana viroboto.

Darini penye mahindi usimwage unga ovyo. Kata mwanzi mnene wa sentimita 40 hivi, toboa vifundo vya ndani, weka chambo katikati na unga kwenye ncha zote mbili. Panya hafikii chakula bila kukanyaga dawa. Paka mzuie asiingie humo, maana permethrini ni sumu kali kwake.

Subiri karibu wiki moja, kisha pima. Usiku weka sakafuni sinia la maji ya sabuni, ning'iniza juu yake taa ndogo ya sola (kibatari kitakuchomea nyumba). Viroboto huufuata mwanga na kuzama. Sinia likiwa halina kiroboto asubuhi, sasa tega mitego. Likiwa na viroboto, nyunyiza tena. Hata likiwa tupu, kagua tena baada ya wiki 2 au 3, kwa sababu viroboto wachanga walio ndani ya vifuko hawadhuriki na dawa na huibuka baadaye.

Mzoga usishikwe kwa mkono mtupu, wala panya asichunwe. Mpulizie dawa ya wadudu, subiri kidogo, mchukue kwa koleo, mfunge kwenye mifuko miwili. Muulize afisa afya kama anataka sampuli. Kama hataki, choma au fukia shimo la nusu mita. Paka mwenye homa, uvimbe chini ya taya au kikohozi usimkumbatie: paka hupata tauni na huweza kumwambukiza mtu moja kwa moja. Mbwa huugua kwa nadra, ila hubeba viroboto.

Kwa mtu, dalili huanza kati ya siku 1 na 7: homa ya ghafla, baridi, kichwa, na mtoki wenye maumivu makali kinenani, kwapani au shingoni. Usiutumbue wala kuuchanja. Mpeleke kituoni na useme wazi, “Kwetu panya wanakufa,” la sivyo atatibiwa malaria. Penisilini na amoksilini za dukani hazitibu tauni; hutumika jentamaisini, streptomaisini, doksisaiklini au siprofloksasini, kwa kawaida siku 10 hadi 14.

Akikohoa damu, huenda tauni imefika mapafuni, na hapo kila saa ina uzito: bila dawa ndani ya saa 24 hivi tangu dalili zianze, wengi hawaponi. Mvishe barakoa, kaa mbali zaidi ya mita 2. Waliomhudumia waende kituoni hata kama hawajaugua. Ili kuwakinga, watu wazima kati yao kwa kawaida hupewa doksisaiklini miligramu 100 mara mbili kwa siku, siku 7. Akifariki, msioshe maiti wala kuizika kabla watu wa afya hawajafika.