Tundu la pini kabla ya kununua miwani

Binti yangu alianza kufinya macho akisoma ubaoni, na mpimaji macho akanionyesha hili. Toboa kadi ngumu kwa pini, tundu la kama milimita 1. Mtoto azibe jicho moja, na kwa la pili achungulie tunduni kalenda ya ukutani iliyo mita 3 hivi, mchana penye mwanga. Maandishi yakikolea papo hapo, miwani huenda ikamfaa. Asiyeona mbali kwa kawaida jicho lake limerefuka kidogo, picha inaangukia mbele ya retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, badala ya kutua juu yake. Tundu hupitisha miale michache tu, basi ukungu unapungua. Kufinya macho kunafanya kazi hiyohiyo, ila kunachosha.

Yasipokolea, au yakififia zaidi, usikimbilie miwani ya kuokota barabarani. Huenda ni mtoto wa jicho au shida ya retina, apelekwe hospitali. Chumba chenye giza nacho kinaharibu jaribio, na namba ya lenzi hupati hapa. Hiyo ni kazi ya mpimaji.

Bibi yake alinikataza, eti miwani "inalemaza macho." Hailemazi. Lenzi inairudisha picha mahali pake tu, na namba ya mtoto hupanda kwa sababu jicho linaendelea kurefuka, avae asivae. Akiivua analalamika kwa kuwa sasa anajua kuona vizuri kukoje.