Jinsi ya kupima tofauti za kinasaba za mitini kwa mikrosatelaiti

Mtini wa nchi za Bahari ya Kati, Ficus carica, huharibu kazi ya maabara kwa njia mbili kabla mashine ya PCR, inayonakili vipande vya DNA, haijawashwa. Kwanza una utomvu mzito, na utomvu huchafua DNA. Pili, wakulima huuzalisha kwa kuchomeka vipande vya matawi, hivyo miti hamsini ya bustani moja inaweza kuwa mti mmoja ulionakiliwa mara hamsini.

Kwa vialama, yaani alama za DNA za kutofautishia miti, chukua mikrosatelaiti: vipande vya DNA vyenye herufi chache zinazojirudia. Mtini una kromosomu 26, yaani jozi 13, na mikrosatelaiti hukuonyesha aleli zote mbili za kila eneo, yaani toleo lililotoka kwa kila mzazi. RAPD na ISSR, vialama vya aina nyingine, ni rahisi zaidi, lakini mstari ukitokea kwenye jeli huwezi kujua kama mti una nakala moja au mbili. Praima za mtini, vipande vifupi vya DNA vinavyoanzisha unakili, zipo tayari: seti iitwayo MFC ilichapishwa 2001, ya LMFC ikafuata 2005. Jaribu jozi 16 za praima. Ukibaki na 10 hadi 12 zinazosomeka vizuri, zinatosha.

Chuma majani machanga, yaliyofunguka juzijuzi, yenye urefu wa sentimita 2 hadi 4. Jani pevu lina utomvu, sukari na fenoli nyingi mno. Kata kikonyo, acha utomvu udondoke, futa kwa karatasi laini, kisha chana jani vipande vidogo na ulifunike kwa silika jeli (punje za kukaushia) yenye uzito mara kumi ya jani. Vaa glavu: utomvu wa mtini ukikauka juani juu ya ngozi huleta malengelenge. Andika pia mahali ulipo mti, jina analolitumia mwenye shamba, na kama ni mtini wa kike au ule dume unaohifadhi nyigu, Blastophaga psenes.

Bafa (kimiminika) ya kutolea DNA ina CTAB, sabuni inayopasua seli, asilimia 2, chumvi (NaCl) molari 1.4, EDTA milimolari 20, Tris milimolari 100 yenye pH 8, na PVP, inayonasa fenoli, asilimia 2. Beta-merkaptoethanoli asilimia 1 iongezwe siku ya kazi, ndani ya kabati la kufyonza hewa. Usiweke bafa hii kwenye friji. CTAB huganda ikipoa.

Saga miligramu 20 za jani kavu hadi liwe unga. Kabla ya CTAB, suuza unga kwa mililita 1 ya sorbitoli molari 0.35 yenye Tris, EDTA na PVP, zungusha kwenye sentrifuji, mwaga maji ya juu. Rudia mpaka maji yasivutike kama mlenda. Wengi huiruka hatua hii, kisha hupoteza wiki nzima wakilaumu praima. Sasa weka mikrolita 700 za bafa iliyopashwa moto na uache dakika 45 kwenye nyuzi 65, ukipindua kichupa kila baada ya dakika 10. Ongeza klorofomu na isoamili kwa uwiano wa 24:1, ujazo uleule, zungusha kwa 12,000 g dakika 10, vuta tabaka la juu, kisha rudia mara moja. Kwenye mikrolita 500 ulizopata ongeza mikrolita 250 za chumvi molari 5, halafu isopropanoli baridi mikrolita 500. Chumvi hiyo ndiyo inayozuia sukari ndefu zisishuke pamoja na DNA. Zungusha tena, kisha osha donge la DNA lililotua mara mbili kwa ethanoli asilimia 70, kausha, yeyusha katika TE (bafa ya Tris na EDTA) mikrolita 50 yenye RNase, kimeng'enya kinachokata RNA.

Donge la kahawia maana yake fenoli zimeoksidika: jani lilikuwa pevu au lilichelewa kukauka. Donge linaloteleza kama ute, lisiloyeyuka na linaloelea nje ya kishimo cha jeli, ni sukari. Soma uwiano wa mwanga unaofyonzwa: 260/280 iwe karibu 1.8; 260/230 ikiwa chini ya 1.5, rudia kusafisha. Punguza DNA kwa maji hadi nanogramu 10 kwa mikrolita, maana EDTA ya TE hushika magnesiamu inayohitajika kwenye PCR.

PCR ya mikrolita 15: DNA mikrolita 2, magnesiamu milimolari 2, dNTP (herufi za kujengea DNA) milimolari 0.2, kila praima mikromolari 0.2, Taq (kimeng'enya kinachonakili DNA) uniti 0.5. Nyuzi 94 dakika 4. Mizunguko 35 ya 94, 55 na 72, sekunde 30 hadi 45 kila moja. Mwisho 72 kwa dakika 30. Usifupishe dakika hizo. Taq huongeza herufi A moja mwishoni, na ikiongeza kwa baadhi ya nakala tu utasoma urefu wa herufi 183 na 184 kwa aleli moja. Kila sahani iwe na kishimo kimoja kisicho na DNA na miti miwili ya rejea, na asilimia 10 ya sampuli zirudiwe.

Kabla ya hesabu yoyote, tafuta miti iliyonakiliwa kwa programu ya GenAlEx au poppr. Chukua miti 30, ambayo 12 kati yake ni nakala za mti mmoja wenye aleli 150 na 158. Katika 18 iliyobaki, 9 ina aleli mbili tofauti. Ukihesabu yote, Ho, yaani sehemu ya miti yenye aleli mbili tofauti, ni 21/30, yaani 0.70. Ukibakiza nakala moja ni 10/19, yaani 0.53. Miti ikitofautiana kwa aleli moja tu, rudia PCR kabla ya kuiita aina mpya. Na usishangae tini jeusi na jeupe yakipata wasifu mmoja. Badiliko la tawi moja linaweza kugeuza rangi bila kugusa maeneo unayosoma. STRUCTURE, programu ya kugawa miti katika makundi, hudhani miti huchanganyika kwa mbegu, kwa hiyo linganisha na DAPC, njia isiyo na dhana hiyo, iliyo katika programu ya adegenet.

Ukitaka kuzitumia praima hizi kwa mkuyu, Ficus sycomorus, zijaribu kwanza kwa sampuli 8 kwenye nyuzi 50 hadi 52 badala ya 55, na utarajie aleli zisizoonekana kwa sababu praima haikushika: eneo lenye miti mingi inayoonyesha aleli moja tu litiliwe shaka. Mikuyu ya kwetu ina nyigu wake na huota kwa mbegu, tofauti na ya Misri inayopandwa kwa matawi. Nchini Namibia nyigu hao wamepatikana wakibeba chavua zaidi ya kilomita 100, hivyo kuchukua sampuli za mabonde mawili yaliyo kilomita 20 tu baina yake na kutarajia makundi mawili ni kupoteza vitendanishi.