Mswada wako wa kwanza: kutoka kaunta buku hadi kwa mchapishaji

Tangu niache kufundisha Kiswahili kule Kongwa na kuhamia Dodoma mjini, kazi yangu imekuwa kusoma na kuhariri miswada ya watu. Wanakuja wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma, watumishi waliohamia na Serikali, wachungaji, na mama mmoja wa Chamwino aliyeandika maisha yake yote kwenye kaunta buku mbili. Karibu wote huanza na swali lilelile: “Mwalimu, kutoa kitabu ni shilingi ngapi?”

Swali hilo nalielewa, lakini ni la mwisho, na kwa wengine halipo kabisa. Mchapishaji akiukubali mswada wako, gharama za kuhariri, kusanifu kurasa na jalada, kupiga chapa na kusambaza ni zake. Anaweka fedha kwa sababu anaamini kitabu kitauzika, na wewe unalipwa kwa kila nakala inayouzwa. Mwenye kiwanda cha chapa ni mtu mwingine: unampa faili na fedha, anakupa maboksi. Kazi yake ni halali. Ninayekuonya ni yule wa katikati, anayejiita mchapishaji, anasifu mswada wako kabla hajausoma, kisha anakutajia bei. Namfahamu mwalimu mstaafu aliyetoa sehemu ya kiinua mgongo chake kwa mtu wa namna hiyo. Maboksi yamejaa sebuleni, na hakuna duka hata moja lililopelekewa kitabu. Iliniuma, kwa kuwa mswada wenyewe ulikuwa mzuri.

Kwa hiyo anza na mswada. Ukiumaliza, ufungie kabatini wiki kadhaa, kisha usome wote kwa sauti. Pale ulimi unapokwama, sentensi ina kasoro. Halafu wasomee wengine, na usichague marafiki tu. Kijana mmoja aliniletea riwaya kuhusu mradi wa karanga wa Waingereza pale Kongwa, ulioanza 1947 na kuachwa 1951. Sura zake tatu za mwanzo zilikuwa historia tupu: mvua haba, udongo unaokauka ukawa mgumu hadi kuvunja majembe ya matrekta, mipango iliyopangwa London. Yote kweli, yote amefanyia utafiti. Nikamwambia akamsomee bibi yake kijijini. Bibi alisinzia mpaka mjukuu alipofikia kijana wa Kigogo anayepanda trekta kwa mara ya kwanza huku mama yake akimlilia ashuke. Hapo bibi akainua kichwa: “Enhe, ikawaje?” Riwaya ile sasa inaanzia kwenye trekta. Historia ameitawanya ndani, kidogokidogo, na hakuna aliyesinzia tena.

Maneno ya Kigogo au Kirangi yanayobeba maisha ya wahusika wako yaache yalivyo, mradi msomaji wa Tanga au Kigoma ayaelewe kutokana na sentensi inayoyazunguka.

Kuhusu umbo sina mengi: chapa kwa kompyuta, herufi za ukubwa wa 12, nafasi mbili kati ya mistari, namba kwenye kila ukurasa, jina na simu yako ukurasa wa kwanza. Hifadhi nakala sehemu mbili, mojawapo kwenye barua pepe yako mwenyewe. Ukimpa mtu wa steshenari akuchapie, kaa naye ulinganishe na daftari. Wengine hurukisha mistari.

Sasa tafuta nani wa kumpelekea. Nenda maktaba ya mkoa au duka la vitabu, shika vitabu vinavyofanana na chako, fungua nyuma ya ukurasa wa jina. Hapo pana mchapishaji, anwani, mwaka na ISBN, yaani namba ya kukitambulisha kitabu. Andika majina yanayojirudia. Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam, kwa mfano, wapo tangu 1991 na wametoa fasihi, historia na vitabu vya watoto. Hapa kwetu kuna Central Tanganyika Press, ambao mizizi yao ni Kanisa Anglikana na vitabu vyao vingi ni vya dini. Mchungaji mwenye mahubiri na binti mwenye riwaya ya mapenzi hawawezi kugonga mlango mmoja. Uliza kwanza kama wanapokea miswada kwa wakati huo, na kwa njia gani.

Barua ya kupeleka mswada ndiyo inayowashinda wengi, hasa tuliozoea barua za ofisini. “YAH: KUWASILISHA MSWADA WA RIWAYA” inatosha kama kichwa. Lakini “husika na kichwa cha habari hapo juu” iache. Sentensi ya kwanza iseme kitabu ni nini: “Hii ni riwaya ya maneno elfu hamsini kuhusu kijana wa Kongwa anayejifunza kuendesha trekta la Waingereza mwaka 1948, na mama yake anayeona shamba la ukoo likifyekwa.” Kisha nani atakayekisoma, kisha wewe ni nani, kwa mistari miwili. Ambatisha muhtasari wa ukurasa mmoja unaosimulia hadi mwisho. Usimfiche mhariri jinsi hadithi inavyoisha, maana anapima kama umeweza kuifikisha.

Jibu huchukua miezi. Piga simu kwa adabu baada ya mitatu. Wakati huo angalia pia mashindano: Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyo chini ya Taasisi ya Elimu Tanzania, na ile ya Safal ya fasihi ya Kiswahili, iliyowahi kuitwa Safal-Cornell, ambayo imekuwa ikipokea hata miswada isiyochapishwa.

Ukipata mkataba, usisaini siku hiyohiyo hata kama machozi ya furaha yanakutoka. Tazama mrabaha, yaani malipo yako kwa kila nakala inayouzwa, umepigiwa hesabu wapi. Tuseme ni asilimia 10 na kitabu kinauzwa shilingi 10,000. Asilimia 10 ya bei ya dukani ni shilingi 1,000. Ikiwa ni ya fedha inayomfikia mchapishaji, na duka limekata asilimia 30, unapata 700. Zote zaweza kuwa za haki, lakini ujue unasaini ipi, na utaletewa hesabu kila baada ya muda gani. Ona haki za filamu, tafsiri na kitabu cha kielektroniki zimewekwa wapi, na lini haki zinarudi kwako kitabu kikiisha na kisirudiwe kuchapwa. Hakimiliki yenyewe ibaki yako. Kwa sheria ya mwaka 1999 inadumu maisha yako yote na miaka 50 baada ya kifo, hivyo hata wajukuu wamo kwenye karatasi hiyo. Usipoelewa kifungu, waulize COSOTA, ofisi ya hakimiliki, au wakili.

Ukiamua kujichapishia mwenyewe, hayo yote ni juu yako: mhariri, msanifu, ISBN kutoka Bodi ya Huduma za Maktaba, ithibati, yaani kibali cha kitabu kutumika shuleni, ikiwa unalenga shule. Muulize mchapaji kuhusu idadi ya kurasa, kwa kuwa vitabu vingi hufungwa kwa mafungu ya kurasa 16, na ukizidisha kurasa mbili unaweza kulipia fungu zima. Anza na nakala chache kwa chapa ya dijitali.

Njia yoyote utakayopita, itakuja siku ya prufu, yaani kurasa za kukaguliwa kabla ya kupigwa chapa. Ichapishe kwenye karatasi, kaa na rula, soma mstari mmoja mmoja. Anza na jalada: jina lako, jina la kitabu kwenye uti wa mgongo, namba ya ISBN nyuma ilingane na ya ndani. Kisha linganisha yaliyomo na namba za kurasa. Sahihisha kwa kalamu nyekundu, piga picha kila ukurasa uliousahihisha, ndipo urudishe.